Mbuzi wa Shangazi Sista

Babu alikuwa ameshakunywa pombe ya watu, na hapo ndipo mgogoro ulipoanzia.

Kwetu Rombo, Kilimanjaro, mbege (pombe yetu ya ndizi) ya posa hainywewi kwa kiu. Ukishapokea kata, ukaonja, ukampitishia ndugu yako aliyekaa pembeni, umeshajibu. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa na kijana fundi cherehani, mtu mpole asiye na makuu, na mbege yake ilikuja ikapokelewa. Shangazi yangu alikuwa na miaka 18. Mwaka ulikuwa 1975. Siku tatu baada ya pombe ile, akamwambia mama yake (baba yake hakuthubutu) kwamba anataka kwenda kwa masista.

Baba yangu wakati huo alikuwa darasa la saba, na anasema hakukuwa na makelele. Babu alishinda kimya akichonga mpini wa jembe. Jioni, chakula kikiwa mezani, akauliza swali moja tu: "Na pombe ya watu?"

Nimesikiliza mahubiri ya miito tangu nikiwa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki. Kila Dominika ya Mchungaji Mwema, siku ambayo Papa Paulo wa Sita aliitenga mwaka 1964 kuombea miito, padre hutusomea habari za Samweli aliyeitwa usiku na vijana huambiwa watege masikio. Sijawahi kumsikia padre hata mmoja akiuliza habari ya pombe ya watu. Mimi ni mhasibu, huenda ndiyo sababu. Mtu akisema "binti ameitika wito," wengine wanasikia kengele na kinanda; mimi naanza kujiuliza nani amelipa na nani anadai.

Babu alilipa. Alirudisha madebe ya mbege na akaongeza mbuzi mmoja wa kuomba radhi. Mzee wa fundi cherehani akapokea, wakapeana mikono, na kijana akaoa mwingine mwaka uleule. Shangazi akaondoka na begi la nguo na orodha ya paroko: shuka jozi mbili, blanketi, ndoo, beseni, jembe, raba za shambani, kitabu cha nyimbo, cheti cha ubatizo na cha kipaimara. Jembe bibi alimpa lake mwenyewe.

Miaka minne ya malezi ya utawa ikapita, hatua kwa hatua: uaspiranti, upostulanti, kisha novisiati, ambayo kwa sheria ya Kanisa haiwezi kupungua miezi kumi na miwili. Mwaka 1979 nyumbani ikaletwa barua kwamba binti anaweka nadhiri za kwanza. Babu, ambaye muda wote huo hakukanyaga konventini, alivaa koti, akamfunga mbuzi kamba shingoni na kupanda naye kwenye lori la mahindi. Baba anasema walipofika getini, novisi aliyewapokea hakujua amweke wapi yule mnyama, akamfunga kwenye nguzo ya kengele. Misa nzima mbuzi analia na kengele inagonga.

Mnisaidie kuhesabu hapo. Binti wa Kichagga akiolewa, mbuzi wanakuja. Wanakuja kwa baba, kwa mjomba, kwa bibi, kila mmoja na jina lake na sababu yake, na hata shangazi ana haki yake humo. Babu yangu alikuwa na binti mmoja, na kwa ajili ya huyo binti mbuzi wawili walishatoka nyumbani. Hakuingia hata mmoja.

*

Miaka ya baadaye niligundua kwamba babu hakuwa peke yake, wala jambo hili si la Uchaga tu.

Agosti 15, 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri, mjini Kinshasa, sista Mkongo aitwaye Maria Klementina Anuarite Nengapeta. Alizaliwa Wamba, kaskazini mashariki ya Kongo, Desemba 29, 1939, na shirika lake hadi leo linaitwa kwa Kiswahili: Jamaa Takatifu. Wengi tunamjua kwa kifo chake. Mwishoni mwa Novemba 1964 waasi wa Simba waliwapakia masista wa Bafwabaka kwenye lori wakisema wanawapeleka mahali salama, kumbe safari ikaishia Isiro. Huko kanali mmoja, Ngalo, akamtaka awe mke wake, kisha mwenzake, Kanali Olombe, naye akamtaka. Anuarite akakataa, akapigwa, na usiku wa kuamkia Desemba 1 Olombe akamuua, huku yeye akimwambia muuaji wake kwamba anamsamehe kwa kuwa hajui anachokitenda. Alikuwa hajatimiza miaka 25.

Kifo hicho kimehubiriwa vya kutosha. Mimi naona jinsi alivyoingia utawani hakutazamwi inavyostahili. Alikuwa msichana mdogo lilipokuja lori la kuwachukua wapostulanti kwenda Bafwabaka, naye akapanda, bila kumuaga mama yake. Hakuaga! Mama akaja kujua baadaye binti yuko wapi. Alipoweka nadhiri, Agosti 5, 1959, wazazi walikuja, na kuonyesha furaha yao walitoa mbuzi wawili kwa misheni. Miaka michache baadaye mama akataka binti arudi nyumbani kusaidia familia, kwa sababu maisha yalikuwa magumu na binti mzima, mwenye elimu, alikuwa mikononi mwa watu wengine.

Mama huyo sitaki kumlaumu. Alikuwa na hoja.

Shangazi alikuja likizo mwishoni mwa 1985 akiwa na kijitabu cha Anuarite, akamsomea babu chini ya mgomba maana macho ya mzee yalishaanza kufifia. Alipofika kwenye mbuzi, babu akamsimamisha.

"Wawili?"

"Wawili, baba."

"Mimi nilileta mmoja."

Shangazi akaendelea kusoma. Babu hakusema kitu kuhusu Simba, wala Isiro, wala Papa. Desemba hiyo shangazi alikuwa anaweka nadhiri za daima, na babu akafika na mbuzi wa pili. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, naambiwa nilipanda mgongoni mwa huyo mbuzi nikaanguka. Siku hiyo shangazi alivishwa pete. Bibi aliishika ile pete, akaigeuzageuza kidoleni mwa binti yake, akasema kwa Kichagga maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama hivi: huyu mkwe wangu ni mtu mkubwa, lakini hajawahi hata kuja kusalimia.

*

Wanaofikiri kwamba mahari ya utawani ni ushamba wetu wasome historia ya Ulaya. Kwa karne nyingi binti wa huko hakuingia monasteri mikono mitupu. Familia ilipeleka mahari, pesa au shamba, na sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilikuwa bado ina vifungu vizima kuhusu jambo hilo. Mara nyingi mwenye mahari nene alikuwa sista wa kwaya, anasali Kilatini, na asiye nayo alikuwa sista wa jikoni na wa kufua. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndio ulioagiza, mwaka 1965, matabaka hayo yaondolewe. Sheria mpya ya 1983 haina tena neno la mahari.

Kwa hiyo babu na mbuzi wake wa kwenye lori la mahindi, bila kujua, alikuwa Mzungu wa zamani.

Upande wetu wa dunia masista wa kwanza hawakuja kutoka kwenye majumba ya kitajiri. Mwaka 1860 Padre Fava alipotua Unguja kutoka kisiwa cha Réunion alikuja na masista wa shirika changa, Mabinti wa Maria, lililoanzishwa kisiwani humo mwaka 1849, miezi michache baada ya watumwa kuachwa huru. Shirika hilo liliwapokea wanawake waliotoka utumwani pamoja na mabinti wa walowezi, wakakaa nyumba moja. Nalipenda jambo hili kuliko ninavyoweza kueleza. Sokoni Unguja watu bado walikuwa wanauzwa, na hatua chache kutoka hapo kulikuwa na wanawake ambao mashirika mengi ya Ulaya wakati huo yasingewafungulia hata mlango wa nyuma.

Lakini msifurahi haraka. Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walihamia mwaka 1868, wasichana waliokombolewa walisomeshwa, wakafundishwa kushona na kulima, halafu wakaozwa kwa wavulana waliokombolewa na kupewa nyumba katika kijiji cha Kikristo. Binti aliyenunuliwa kutoka kwa mfanyabiashara alikwenda kwa mume aliyeandaliwa na misheni. Miaka mingi ilipita kabla msichana Mwafrika wa Afrika Mashariki hajaweza kusema, mbele ya mzee wa ukoo na mbele ya padre pia, kwamba hataki mume na akaachwa salama. Buganda walitangulia: Bannabikira, mabinti weusi waliolelewa na Masista Weupe (shirika la wamisionari kutoka Ulaya), walianza kama shirika mwaka 1910. Kwetu Tanganyika mashirika ya namna hiyo yaliongezeka miaka ya thelathini.

Ninapoangalia mpangilio huo namuelewa shangazi vizuri zaidi. Nilimuuliza siku moja, nikiwa kidato cha sita na ujuaji wa umri ule, kama kweli alimsikia Mungu akimwita. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Nilimsikia Mungu, ndiyo. Lakini nilimsikia na sista mmoja akiendesha pikipiki."

*

Shangazi alisomeshwa uuguzi na ukunga, akapangiwa zahanati ya porini, mbali na mlima wetu, na huko akakaa miaka 31. Jina la mahali naliacha, mtaona sababu.

Kuna jambo kuhusu ukunga ambalo wengi hawalijui. Kwa muda mrefu Kanisa liliwakataza watawa wa kike kuzalisha. Sista aliruhusiwa kufunga kidonda na kushika mkono wa mtu anayekufa, ila mama akishikwa na uchungu, sista atoke nje. Ilionekana kazi hiyo haipatani na nadhiri ya useja. Fikiria misheni za Afrika za miaka ya ishirini, wanawake wanakufa wakijifungua umbali wa kutupa jiwe mara mbili kutoka konventi. Pale Nsambya, Kampala, Mama Kevin Kearney, Mfransiskani wa Ireland aliyeanza kutibu watu chini ya mwembe mwaka 1903, alizunguka katazo hilo kwa kumtegemea daktari mwanamke asiye mtawa, Evelyn Connolly, afundishe wakunga wa Kiganda. Februari 1936 ndipo Roma ilipotoa waraka wa kuwafungulia masista mlango wa kazi ya uzazi. Shangazi alizaliwa miaka 21 baada ya waraka huo. Kama tarehe zingebadilishana nafasi, watoto wa kata nzima wangepokelewa na nani usiku wa mvua?

Nilikwenda kumtembelea nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikakaa mwezi mzima. Zahanati ilikuwa vyumba vinne na veranda. Shangazi aliamka saa kumi na moja kwa masifu ya asubuhi, na kama kulikuwa na mama mwenye uchungu, masifu yaliimbwa na masista wengine watatu huku yeye yuko wodini. Nakumbuka shela yake ikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kuzalishia. Aliivua kabla ya kuingia, akajifunga kitambaa cheupe kichwani, na alipotoka akaivaa tena kabla hata ya kunywa maji. Nilimuuliza kwa nini. Akanionyesha upindo wenye doa la kahawia ambalo halikutoka kwa jiki wala jua. "Hili ni la mwaka wa kwanza," akasema. "Siku hizi nimejifunza."

Kazi yangu mwezi ule ilikuwa daftari la madeni. Daftari la kaunta, kurasa za mistari miwili, jalada limeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Upande wa kushoto jina la mgonjwa na dawa, kulia alicholeta. Mkungu wa ndizi 1. Maharage kibaba 2. Kuku, halafu kwenye mabano: kafa njiani. Kuna mistari ambayo kulia hakukuwa na kitu mwaka mzima, na shangazi hakuikata wala kuifuatilia. Nikamwambia, shangazi, hawa hawajalipa. Akasema, "Andika tu. Kusamehe kusikoandikwa watu husahau kwamba kulikuwa na deni." Hapo ndipo nilipoupenda uhasibu, na si chuoni.

*

Sasa pesa.

Nadhiri ziko tatu, ufukara, useja na utii, na watu wa nje huizungumzia ya pili kwa sababu ndiyo inayowasumbua wao. Masista niliowafahamu walisumbuliwa zaidi na ya kwanza, siyo kwa kuwa wanataka utajiri. Ufukara wa mtawa una mkataba ndani yake: mimi natoa kila ninachopata, shirika linanipa kila ninachohitaji. Sheria ya Kanisa inasema hivyo waziwazi, kanuni ya 668 na ya 670. Mkataba huo unasimama vizuri shirika likiwa na kitu. Shirika lisipokuwa na kitu, kwa sababu mwajiri wa masista wake anawalipa "posho" badala ya mshahara, basi mfukara anamtegemea mfukara.

Mwajiri wa shangazi, ambaye simtaji, alifanya hesabu rahisi: sista hana mume, hana watoto, halipi kodi ya nyumba. Mkunga mwenzake asiye mtawa alipata mshahara kamili. Shangazi, aliyemfundisha huyo mkunga kazi, aliliingizia shirika robo yake. Michango ya uzeeni haikupelekwa hata mwezi mmoja. Nililigundua hili alipostaafu, aliponipa bahasha ya kaki na kuniomba "nimwangalizie." Nilikaa na bahasha ile mezani Tabata mpaka saa saba usiku. Miaka 31, na kwenye vitabu vya mfuko wa hifadhi ya jamii huyu mtu hakuwahi kufanya kazi.

Nilipanda basi kwenda kugomba. Shangazi alinikataza. Tulikosana wiki tatu kwa jambo hilo, na sijabadili mawazo: nadhiri ya ufukara aliiweka yeye, mwajiri hakuiweka. Yeye anasema nina haki lakini sina adabu. Kilichokuja kufanyika ni kwamba shirika lenyewe, chini ya Mama Mkuu aliyesomea biashara, sasa halipeleki sista popote bila mkataba ulioandikwa. Wasichana wanaoingia leo hawatapata bahasha kama ile.

Wala si Afrika peke yake. Machi 2018 jarida la wanawake la gazeti la Vatikano lenyewe liliandika kuhusu masista wanaopika, kufua na kuhudumu mezani kwenye nyumba za maaskofu na makardinali kwa malipo kidogo au bila malipo, bila mkataba. Na umaskini huu una watoto wabaya. Mwaka 1994 Sista Maura O'Donohue, daktari, na mwaka 1998 Sista Marie McDonald, mkuu wa Masista Weupe, waliandika ripoti kwa wakubwa wa Kanisa wakieleza jinsi baadhi ya mapadre walivyowanyanyasa masista kingono, pamoja na hapa Afrika, na mojawapo ya sababu walizozitaja ni sista kumtegemea padre kwa pesa. Ripoti zilikaa kabatini hadi 2001 zilipotoka magazetini. Papa Fransisko alikiri tatizo hilo hadharani Februari 2019, akiwa ndani ya ndege. Miaka 25 tangu ripoti ya kwanza.

Halafu kuna wanaotoka. Kanuni ya 702 inasema mtawa anayeondoka, au kuondolewa, hawezi kudai chochote kwa kazi aliyoifanya ndani. Shirika tu linaombwa litende kwa usawa na upendo. Rafiki wa shangazi, walioingia pamoja, alitoka baada ya miaka 14. Alipewa nauli na gauni. Kwao walimpokea kama mjane wa mtu asiyejulikana. Shangazi alimwandikia barua kila Krismasi, na mpaka leo wanapigiana simu, wanacheka kama wasichana. Ni mwalimu mstaafu, ana pensheni. Anamzidi shangazi kipato, na ndiye anayemnunulia vocha.

*

Ninapoandika hivi kuna mtu atasema nalichafua Kanisa. Hapana. Ni kwamba sikubali kuambiwa kwamba masista ni malaika, maana malaika hawali, hawaugui mgongo, wala hawahitaji bima.

Mchukueni Irene Stefani wa Wakonsolata, shirika la masista wamisionari. Mwitaliano wa Anfo, alifika Kenya Januari 1915 akiwa na miaka 23. Vita ya Kwanza ikamkuta, na kuanzia 1916 akawa muuguzi kwenye hospitali za wapagazi wa jeshi la Waingereza: Voi, Kilwa Kivinje, Lindi, Dar es Salaam. Wapagazi hao, Kariakoo wenyewe waliotuachia jina la soko, walikufa kwa maelfu kwa kuhara na njaa huku wakibeba risasi za vita isiyo yao. Husimuliwa kwamba kule Kilwa aliwahi kurudi ufukweni kwenye rundo la maiti kumtafuta mgonjwa wake, akamkuta bado anapumua. Baada ya vita alikwenda Gikondi, Nyeri, akafundisha, akawaandikia barua akina mama wasiojua kusoma waliotaka kuwafikia watoto wao mijini. Wakikuyu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma. Oktoba 31, 1930, alikufa kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Miaka 39. Mei 2015 alitangazwa mwenyeheri palepale Nyeri.

Huyo ndiye sista ninayemwelewa: miguu yenye malengelenge na buti za kiume.

Na si ajabu kwamba Januari 6, 2025, Papa Fransisko alipomteua kwa mara ya kwanza mwanamke kuongoza idara ya Vatikano inayosimamia watawa wote duniani, alimchagua Simona Brambilla, naye Mkonsolata, naye muuguzi, aliyefanya umisionari Msumbiji. Amewekewa kardinali pembeni, cheo chake naibu au mwenza, sijaelewa vizuri Kilatini chake, lakini sahihi ya kwanza kwenye barua ni ya sista. Nilimpigia shangazi simu siku ile. Alikuwa ameshasikia. "Atazikuta bahasha nyingi za kaki," akasema.

Anazikuta kwa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya sabini duniani kulikuwa na masista kama milioni moja. Mwaka 2022 walihesabiwa chini ya laki sita. Ulaya konventi zinageuka hoteli. Afrika idadi inapanda, na masista wetu wanapanda ndege kwenda kuwaogesha masista wazee wa Kizungu. Hilo nalo lina hesabu yake, siku nyingine.

*

Siku hizi shangazi yuko kwenye nyumba ya masista wazee, anatengeneza mkate wa altare. Nilikuwa naye Jumamosi iliyopita. Kwanza tulisalimiana getini. "Tumsifu Yesu Kristo," nikasema, "Milele na milele, amina," akajibu, halafu ndipo nikampa shikamoo ya shangazi. (Bibi yangu aliipenda sana ile salamu ya kwanza. Ilimwondolea taabu ya kujua nani amwamkie nani, yeye mama mzazi au binti mwenye shela.)

Uji wa ngano na maji tu, hakuna chumvi, hakuna hamira. Anamimina kijiko kimoja kikubwa katikati ya chuma cha umeme, anafunika, mvuke unapiga mluzi pembeni, anahesabu kimoyomoyo, anafunua: karatasi nyeupe ya duara yenye alama za msalaba. Karatasi hizo hazikatwi zikiwa kavu, zitavunjika. Zinalazwa usiku kucha kwenye chumba chenye unyevu hadi zilegee. Vipande vinavyobaki pembeni anavitia kwenye mfuko, na saa kumi watoto wa jirani wanapanga foleni dirishani. Shirika linauza hostia hizi kwa parokia za jirani, na safari hii wanauza kwa bei kamili, na risiti. Risiti nimewachapishia mimi.

Tulipokuwa tunasubiri chuma kipoe akaniletea karatasi. Alikuwa anapanga vitu vyake. Kabla ya nadhiri za daima kila mtawa hutakiwa kuandika wosia unaokubalika kwa sheria za nchi, na huo ulikuwa wake, wa Novemba 1985, umepigwa chapa kwa taipu yenye herufi "a" iliyoziba. Ukurasa mmoja. Mashahidi wawili. Nilisoma kama ninavyosoma karatasi za wateja, nikitafuta mali.

Ilikuwa mistari mitatu. Jembe, lirudi kwa mama. Vitabu, vibaki konventini. Na wa mwisho, kuhusu shamba la ukoo: "Sehemu yangu katika kihamba cha baba yangu, kama ipo, iende kwa mtoto wa kike wa kwanza wa kaka yangu."

Nikamuuliza kama babu aliwahi kuuona wosia huo. Akasema alimsomea siku ileile ya mbuzi wa pili, na mzee akataka arudie mstari wa mwisho.

"Akasemaje?"

"Aliuliza 'kama ipo' niliiweka mimi au aliiweka mwanasheria."